Mikono ya Ditko, ngumi ya Kirby na ukuta wa saluni pale Mafiati

Kile kitabu kilifika Mbeya hakina kava. Kaka yangu alikuwa utingo kwenye malori ya Tunduma na kila akirudi lazima aje na kitu, mara kitenge cha mama, mara sabuni za Zambia, siku hiyo akaja na kitabu cha katuni kinene kama matofali mawili yamebebana, karatasi zile laini za njano kama za gazeti, kava la mbele hamna, la nyuma hamna, alikitoa kwa jamaa mmoja aliyekuwa anapanga vitabu vya mitumba chini kwenye turubai. Akanirushia akasema shika, si wewe unayemaliza madaftari kwa kuchorachora. Nilikuwa darasa la sita.

Spider-Man nilikuwa namjua, nani hamjui, yupo kwenye mabegi ya shule, yupo kwenye ndala za watoto, yupo kwenye mapazia ya kibanda umiza. Ila yule wa kwenye begi ni rangi tu, nyekundu na bluu basi. Huyu wa kwenye kitabu alikuwa mweusi na mweupe, hana rangi hata tone, mistari mitupu, na hiyo mistari ndo iliyonikamata mpaka leo nina watoto wawili na bado sijaachiwa.

Kingereza changu kilikuwa cha darasa la sita, yaani hamna kitu, kwa iyo sikuwa nasoma, nilikuwa naangalia. Naangalia peji moja jioni nzima chini ya koroboi, mama anasema utaharibu macho. Na kwa sababu nilikuwa naangalia tu nikaja kuona kitu ambacho labda ningekuwa najua kusoma nisingekiona. Katikati ya kile kitabu sura zinabadilika! Yule kijana Peter Parker, ndo Spider-Man mwenyewe akivua barakoa, mwanzoni ni mwembamba, shingo nyembamba, mabega yameanguka, sura ya mtu aliyeamka hajala. Ukifika mbele, gafla ni kijana mtanashati, kifua kipana, nywele zimekaa, wasichana nao wamekuwa warembo kupitiliza. Nguo zilezile, jina lilelile. Nikamuuliza kaka, akasema labda waliochapa wamechanganya vitabu. Sikuridhika.

Pale Mafiati kulikuwa na fundi wa mabango, mzee wa makamo, anachora vibao vya maduka, anaandika majina kwenye mabodi ya malori, na hasa alikuwa anachora kuta za saluni, zile sura za vijana wenye mitindo ya nywele, kila mtu aliyekulia Mbeya anazijua. Mimi nilikuwa napita pale nikitumwa mafuta ya taa na nilikuwa nachelewa kurudi kwa makusudi kabisa. Siku moja nikabeba kitabu nikampelekea. Nikasema anko, hebu angalia, huyu na huyu ni mtu mmoja? Akapangusa mikono na kitambaa cha thina, akafungua, akaangalia kimya muda mrefu, af akasema: "Mtu ni mmoja, mafundi ni wawili. Usiangalie sura binti, sura inadanganya. Angalia vidole."

Nikaangalia vidole. Aisee.

Wa kwanza, vidole vyake vimepinda kila kimoja kivyake, vinakunjika, vinajikunyata, vinasema. Mkono ukiwa na hofu unaona hofu hata ukiziba sura na kiganja. Wa pili, mikono ni mizuri, imenyooka, mikono ya mtu anayepiga picha studio. Fundi hajawahi kufika Marekani wala hakuwa anajua jina la yeyote kati yao, lakini alijua kwa kuangalia tu, kama mama anavyojua mwandiko wa mwanawe.

Majina niliyajua miaka mingi baadae, nimeshaanza kazi, nina simu yenye intaneti. Wa kwanza ni Steve Ditko, aliyechora Spider-Man tangu hadithi ya kwanza kabisa mwaka 1962 mpaka 1966. Wa pili ni John Romita, aliyeshika kalamu kuanzia toleo la 39, mwaka huohuo wa 1966. Na hapa kuna kitu kinanifurahisha sana: Romita alipoingia alijitahidi kuiga mkono wa Ditko, alitaka wasomaji wasishtuke. Hakuweza, kwa sababu miaka mingi kabla ya hapo alikuwa anachora katuni za mapenzi, mkono wake ulikuwa umeshazoea wapenzi wanaangaliana machoni, kwa iyo hata akichora mtu anayetambaa ukutani bado anatoka mzuri. Mkono haufichiki. Wanunuzi hawakulalamika, gazeti likazidi kuuzwa, na Spider-Man ambaye dunia nzima inamjua leo, yule wa kwenye begi, ana sura ya Romita zaidi kuliko ya Ditko. Simlaumu hata kidogo, Mary Jane wake, yule msichana wa kwenye hadithi, ukimwona mara ya kwanza unaelewa kwanini vijana walichanganyikiwa. Ila mimi ni mtu wa Ditko na nitabaki hivyo.

Sababu ni peji chache kwenye toleo la 33. Nitaieleza taratibu kwa sababu ndo peji niliyoinakili mara nyingi kuliko kitu chochote maishani mwangu.

Spider-Man amelaliwa na mashine, kubwa, chuma tupu, yuko chini na maji yanavuja yanaingia, dawa ya shangazi yake iko pale mbele anaiona ila haifikii. Ndo hivyo tu, hamna ngumi, hamna kuruka, mtu kalaliwa na mzigo. Na Ditko anakaa pale. Anajaribu, anashindwa. Anajaribu tena. Visanduku vya michoro vinaanza vidogo vidogo, vimebanana, unaona wewe mwenyewe pumzi inakatika, af kadri ule mzigo unavyonyanyuka kidogo na visanduku vinakua, unafungua peji inayofuata, mchoro ni mmoja peji nzima, mashine iko juu, maji yanaruka kila upande, mtu kasimama. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilisimama na mimi. Kweli nilisimama, peke yangu chumbani, na sikuwa nimesoma hata neno moja.

Nikampelekea fundi ile peji nikamwomba anichoree kwenye ubao. Akachora kwa chaki kwenye plaiwudi, mashine ikatoka vizuri kabisa, mtu akatoka vizuri, lakini tukiangalia wote wawili tunaona mashine haina uzito, kama boksi la sigara. Akafuta. Akachora tena, akafuta. Mara ya tatu akaacha mashine akaanza na mgongo wa mtu. Akaupinda mgongo, akaingiza shingo ndani ya mabega, goti moja akalisukuma mbele. Mashine akaichora mwisho, mistari michache tu, na safari hii ilikuwa nzito. Akaniambia: "Uzito hauko kwenye chuma. Uko kwenye mgongo wa anayebeba." Mimi nimeona wamama wanashuka na magunia ya viazi kutoka mashambani ya Uporoto toka nazaliwa, nikajua anachosema ni kweli.

Kitu kingine cha Ditko ni ile barakoa. Wengi walikuwa wanaacha mdomo na kidevu nje, yeye akaziba sura yote, hakuacha hata tundu la pua, akaweka macho mawili makubwa meupe. Mchoraji akijinyima sura kajinyima silaha yake kubwa, inabidi mwili ndo uongee, na ndo maana vidole vyake viko vile. Af kuna faida nyingine, ukiziba sura yote humo ndani anaweza kuwa mtu yeyote, wa rangi yoyote. Mimi nikiwa msichana wa Mbeya, sweta la shule, malengelenge ya baridi kwenye vidole, sikuona shida yoyote kujiweka humo ndani.

Basi twende kwa Kirby maana nikiendelea na Ditko hatumalizi.

Jack Kirby nilimjua kwa kuchelewa, na mwanzoni sikumpenda. Vidole vyake ni kama matofali, magoti ni miraba, nilimwona mkatili. Nilikuwa namwangalia kwa macho ya Ditko ndo tatizo. Kirby hachori mtu anavyokaa, anachora nguvu inavyopita ndani ya mtu. Angalia ngumi ya Kirby: haiendi kushoto wala kulia, inakuja kwako. Kiganja kikubwa kuliko kichwa cha mwenye mkono, bega liko huko mbali nyuma dogo, mguu wa nyuma umeachwa kwenye kona ya mwisho ya kisanduku, unajikuta unarudisha kichwa nyuma. Alizaliwa 1917 New York kwenye mitaa ya wahamiaji maskini, ugomvi wa mitaani aliukuta nyumbani, na vita akaenda vya kweli, mwaka 1944 alikuwa askari wa miguu Ufaransa. Kabla hata nchi yake haijaingia vitani alishachora, yeye na mwenzake Joe Simon, kava la Captain America anamtandika Hitler ngumi ya uso, toleo la mwezi wa tatu 1941. Marekani iliingia vitani Desemba mwaka huo. Kuna watu waliwatishia kwa ajili ya lile kava.

Af kuna yale madoa yake. Kirby akitaka kuonyesha nguvu isiyo na umbo, mionzi, anga, mlipuko, hachori miale kama watu wengine, anaweka madoa meusi ya duara, mengi, makubwa na madogo, yamesongamana kama povu, na ile nafasi nyeupe inayobaki katikati ndo inawaka. Yaani anachora giza ili mwanga ujichore wenyewe. Kwenye hadithi za Fantastic Four, lile kundi la mashujaa wanne, za 1966, zile za jitu linalokula sayari, madoa yale yamejaa mpaka unahisi peji ina joto. Na ni kwenye hadithi hizohizo Kirby aliongeza kwa kichwa chake mtu wa rangi ya fedha anayepanda ubao angani, hakuwa kwenye mazungumzo na Stan Lee, mwandishi wa hadithi hizo, Lee alipoletewa peji ndo akamkuta humo ndani. Hapo ndo unaelewa kwamba mchoraji hakuwa mtu wa kupamba hadithi ya mwingine, alikuwa anaitunga palepale kwa penseli.

Niliyaelewa yale madoa siku niliporudi kuangalia Kimondo cha Mbozi, mtu mzima sasa. Shuleni tulipelekwa kama wote tulivyopelekwa, tukapanda tukakaa juu yake, tukala mihogo tukarudi. Safari hii nilienda na daftari la kaunta nikataka kukichora. Kile kitu kina urefu kama mita 3, karibu chote ni chuma na nikeli kidogo, kimetoka angani, na ngozi yake imejaa vishimo vishimo vya duara, vikubwa na vidogo, jua la saa kumi likipiga kila kishimo kinakuwa doa jeusi na ukingo wake unang'aa. Nikasema huyu ni Kirby! Mwaka 1966 huohuo Kirby na Lee walimleta Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika iliyotajirika kwa madini yaliyoanguka na kimondo. Hapana, sisemi walijua habari za Mbozi. Nasema nilikuwa nimekaa kwenye nyasi za Ndolezi, penseli mkononi, na Wakanda haikuwa mbali.

Na kwakuwa nimemtaja Black Panther lazima nimtaje Billy Graham, siyo yule mhubiri, mchoraji, Mmarekani mweusi aliyemchora Panther miaka ya 70. Mpaka hapo tulikuwa tumechorwa vibaya sana kwenye katuni za Marekani, za zamani ukizifungua unaona midomo, mifupa puani, watu hawana majina, hiyo siwezi kuiita sanaa hata mistari yake iwe safi kiasi gani. Graham alichora Waafrika kila mtu na sura yake, wazee wana mikunjo ya wazee, wamama wana uzito wa wamama. Kwangu mimi huo ni ushujaa kuliko kuruka maghorofa.

Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba peji moja ya supahiro mara nyingi imepita mikono minne. Kuna wa penseli. Kuna wa wino, ambaye watu wanadhani anapitisha tu juu ya mistari ya mwenzie, si kweli kabisa, wa wino ndo anaamua mstari uwe mnene wapi na uishie kama unywele wapi, penseli za Kirby zikipita kwa Joe Sinnott zinatoka zinameremeta kama bodi la gari jipya, zikipita kwa mtu mwenye haraka zinatoka zimepungua na wakati mwingine watu wa nyuma wamefutwa kabisa ili kazi iishe mapema. Kuna wa herufi. Na kuna wa rangi. Ndo maana nampenda Ditko wa kitabu changu, aliweka wino wake mwenyewe, ile ni sauti yake bila mkalimani.

Kwenye rangi namkumbuka Marie Severin. Aliingia kwenye kazi hii kwa sababu kaka yake John alikuwa mchoraji na alihitaji mtu wa kumwekea rangi, na mimi pia niliingia kwa mlango wa kaka kwa iyo hiyo habari inanigusa mahali. Alikuja kuwa kiongozi wa rangi pale Marvel, kampuni inayotoa Spider-Man na wenzake, na alipopewa penseli akamchora Hulk na Doctor Strange bila wasiwasi. Vyumba vile vilikuwa na wanaume watupu. Siku yoyote mtu akikuambia supahiro ni mambo ya watoto wa kiume mtajie huyo mama.

Kuna jambo linaniuma na siwezi kuliruka. Joe Shuster, kijana aliyemchora Superman, yeye na mwenzake Jerry Siegel mwandishi waliuza haki zote mwaka 1938 kwa dola 130. Mia moja na thelathini, kwa wote wawili. Shuster macho yake yalikuwa mabovu na yakazidi kuharibika, akaishia kwenye shida, na ilibidi kelele zipigwe mpaka 1975 ndo wakaanza kupewa pensheni na majina yao yakarudishwa. Kirby naye miaka ya 80 alikuwa anapigania kurudishiwa peji zake, karatasi zenyewe alizozichora kwa mkono wake, na mwaka 1987 akarudishiwa kama 1,900 wakati alizochora pale Marvel zinakadiriwa kupita 10,000. Mzee wa miaka 70 anadai karatasi zake. Nikisoma hiyo habari nafunga simu naenda nje kidogo.

Na kwetu je? Waulize watu wa umri wa baba yangu, Chakubanga wa kwenye katuni wanamjua wote, alikuwa kwenye gazeti la Uhuru, lakini ni wangapi watakuambia mkono ni wa Christian Gregory? Lodi Lofa, Kipepe, Ndumilakuwili wa jarida la Sani, tumekua nao, tumewaita watu mtaani kwa majina hayo, na aliyewachora ni Philip Ndunguru, akafariki 1986 bado kijana kabisa. Wahusika wakaendelea kuishi kwenye mikono ya wengine na watu wengi hawakujua kama mkono wa kwanza umeshazikwa. Mjomba wangu ana matoleo machache ya Sani kwenye sanduku la bati huko Tukuyu, mvua ya kule inavyonyesha unyevu umeyala kingo zote, nimeyapiga picha peji kwa peji kwa simu. Wale si masupahiro, hawaruki, wanadaiwa kodi na wanafumaniwa, ila mstari wa Ndunguru unakimbia haraka na haukosei, ungempa peji ya Spider-Man angeimudu.

Fundi wa Mafiati bado yupo, amezeeka, na kazi imepungua maana mabango siku hizi yanachapwa kwenye mashine, siku mbili limeisha, linang'aa, na halina mkono wa mtu. Mwaka jana kuna dogo mwenye saluni alitaka ukuta wake uchorwe Black Panther na Spider-Man wamekaa kwenye viti wananyolewa, nikamwambia fundi yupo. Tulienda wote, mimi nikiwa napaka rangi za chini yeye anachora. Panther akamfanya mabega ya Kirby. Spider-Man akamkalisha kwenye kiti, kitambaa shingoni, na mkono mmoja ukashika mkono wa kiti, vidole vitano, kila kimoja kimepinda kivyake. Sikumkumbusha. Miaka zaidi ya ishirini imepita.

Alipomaliza akaanza kuosha brashi. Nikasema anko, weka jina. Akasema jina la nini, saluni si yangu. Nikasema weka tu. Akanitazama, akachukua brashi ndogo ya herufi, akainama kule chini karibu na mfereji ambako hata mteja hawezi kuona, akaandika herufi mbili na mwaka. Dogo wa saluni akauliza hizo herufi za nini, anko akamjibu ni za fundi, akaendelea kuosha brashi zake.

Mimi sasa hivi nachora peji zangu usiku watoto wakilala, meza ya jikoni, karatasi ngumu inchi 11 kwa 17 kama wanazotumia wenyewe, nimeagiza Dar. Ni hadithi ya mdada anayebeba magunia kule Uporoto, sitasema zaidi kwa sasa. Niko peji ya sita na nimeifuta mara nne kwa sababu gunia linakataa kuwa zito. Jana nikaacha gunia nikaanza na mgongo. Tatizo mwezi huu wa saba baridi ya Mbeya mnaijua, wino haukauki, nimesimamisha karatasi mbali kidogo na jiko la mkaa na kila baada ya muda naenda kugusa kona kwa kidole. Bado mbichi.